Mwanaume Akishikwa na Homa

Leo naanza kwa kutubu.

Majuzi nilifanya mzaha madhabahuni. Nilisema mama akiwa na homa atapika, atafua na bado atafika kesha. Baba akipiga chafya mara mbili anaita watoto awagawie urithi. Kanisa lilicheka, vigelegele vikapigwa. Nami nilifurahi, kusema kweli.

Baada ya ibada ndugu mmoja alinisubiri kando ya gari. "Pastor, kifua kinaniuma tangu mwezi wa pili. Sijamwambia mama watoto. Atasema ni homa ya wanaume." (Amenikubalia niandike, bila jina.) Jumatatu asubuhi tulienda hospitali pamoja. Presha ilikuwa juu sana. Sasa yuko kwa dawa.

Nikarudi Wafilipi 2. Epafrodito aliugua akiwa kwa Paulo, na jambo lililomhuzunisha ni kwamba kanisa la kwao lilikuwa limesikia anaumwa. Unamwona huyo mwanaume? Ni mgonjwa, na bado anahangaika kwamba habari imefika nyumbani. Paulo hakumcheka. Aliandika wazi kwamba alikaribia kufa, akaagiza apokewe kwa furaha na kwa heshima.

Dada yangu, najua swali lako: "Na mimi nikiumwa, Pastor, nani hunipikia uji?" Uko sahihi. Mzaha wangu ulikuonea wewe pia. Nilikusifu kwa kufanya kazi ukiwa na homa, kana kwamba mwili wako ni wa chuma. Hata mama mkwe wa Petro aliponywa kwanza, ndipo akainuka kuwahudumia. Sisi tunataka ahudumie homa ikiwa bado inamchoma.

Kaka, wako pia wanaojilaza kwa mafua kidogo ili chai iletwe kitandani. Nawajua, mke wangu atakwambia mmoja wao ni nani. Lakini huyo wa chai na yule wa kifua hujifunika blanketi sawa, na ukicheka kutoka mlangoni huwezi kujua ni nani yuko ndani. Ingia, keti, muulize anaumwa wapi. Muulize mara ya pili, maana mara ya kwanza atasema yuko sawa.

Jumapili hii muuguzi mmoja wa kwetu ataweka mashine ya presha karibu na mlango. Mimi nitapimwa wa kwanza, mkiona. Akina mama nanyi mpange laini, kabla hamjakimbia nyumbani kuwasha jiko.