Nilimkosesha Alama Bure

Mwaka jana nikiwa fildi nilisahihisha jaribio la jiografia la kidato cha tatu. Swali: mafuta ghafi huhifadhiwa kwenye mwamba gani? Binti mmoja akaandika, "Hata wa volkano, ukiwa na nyufa." Nikamchorea kosa kubwa kwa kalamu nyekundu. Mwongozo ulisema miamba tabaka, basi.

Wanangu, aliyekosa ni mimi. Kule Nevada, Marekani, eneo la Trap Spring liligunduliwa mwaka 1976, na mafuta yake yamo kwenye majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe, kisha jiwe likapasuka. Jatibarang, kisiwani Java, Indonesia, nako waliyakuta kwenye miamba ya volkano mwaka 1969. Mafuta hayakuzaliwa humo. Yalipikika kwenye miamba tabaka ya jirani yakahamia nyufani. Wenzetu wa Kilimanjaro hawatashangaa, maana maji ya chemchemi zao hupita kwenye nyufa za lava. (Msinielewe vibaya, sisemi tukachimbe mlima.)

Kazi ipo kwenye kupima. Ufa hupitisha mafuta haraka lakini hauhifadhi mengi. Kisima kinaweza kufoka wiki ya kwanza, watu wakashangilia, halafu mtiririko ukaporomoka kwa sababu jiwe lililo kati ya nyufa halina akiba. Sampuli nazo hudanganya: ukikata kipande cha mwamba kule chini, sehemu yenye nyufa nyingi ndiyo humeguka ikapotea, na kinachofika maabara ni kile kizima. Kwa hiyo wahandisi hupiga picha za kuta za kisima, huangalia ni wapi tope la kuchorongea limepotea ghafla, kisha hukifungulia kisima kwa muda huku wakisoma presha. Jina la mwamba peke yake haliwatoshi.

Sisi tunauliza jina tu. Mimi nasema swali liwe: mwamba huu utakuwa ghala la mafuta kwa masharti gani? Na mwongozo ukubali jibu lenye sababu. Najua mtaniambia madarasa yamefurika, na kusahihisha jina ni sekunde mbili. Kweli. Ila yule binti alishaandika sharti lenyewe, "ukiwa na nyufa", na mimi mwalimu mtarajiwa nikalikata.

Nimempigia mwalimu wake wa somo. Amekubali kumrudishia alama mbili.