Mtihani wa Kibajuni kwa Simu

Mwanafunzi wa China anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza anajua kinachomsubiri: kuna kusikiliza, kuna kusoma, na akifeli ataurudia. Mbajuni, mtu wa visiwa na pwani ya mpaka wa Somalia na Kenya, anapoomba hifadhi Ulaya naye hupimwa lugha. Yeye huongea kwa simu na mtu asiyemwona, kwa muda mfupi, kisha ripoti huandikwa kusema ametoka wapi. Wanaoutetea mtihani huu wana hoja zao, na nyingi hazisimami.

Inayoumiza zaidi ni ile isemayo kwamba anayeongea Kiswahili cha Mombasa ni Mkenya. Hebu tazameni ramani. Ras Kamboni iko kwenye ncha ya mwisho ya Somalia; ukivuka mpaka unaingia Kiunga, Kenya, na huko nako ni Wabajuni, kama walivyo Faza na Kizingitini. Mpaka wenyewe si wa kale: hadi 1925, Uingereza ilipowakabidhi Waitaliano Jubaland, eneo lenye mji wa Kismayu, mji huo ulikuwa chini ya Kenya. Kisha serikali ya Somalia ikaanguka mwaka 1991, na Wabajuni wa Kismayu na wa visiwa vya Chula na Koyama wakakimbilia Mombasa, wengi wakaishia kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Mtoto aliyefika pale na miaka minne, akaenda chuoni na watoto wa Mombasa, mlitaka aongee vipi?

Hata mtu mzima aliyetoka kisiwani jana hujirekebisha. Kibajuni hugeuza t kuwa ch, kwa hiyo nyumbani kwake mtu ni “muchu”. Akisikia wa upande wa pili wa simu anasema “mtu”, naye atasema “mtu”. Kumfuata mgeni kwa maneno yake ni adabu, tena ni njia ya kueleweka. Baadaye mchambuzi anasikiliza kanda ya maongezi hayo, haisikii ile ch, anaandika: Kenya.

Hoja ya pili: asiyejua Kisomali si raia wa Somalia. Kisomali kilipewa hati za Kilatini mwaka 1972, kikaingia madarasani. Aliyesoma Kismayu miaka ile anaweza kukisoma vizuri. Mvuvi wa kisiwa cha Ngumi asiyekanyaga shule atakuwa na Kisomali cha sokoni, cha kuuzia samaki, na aliyezaliwa baada ya 1991 hakuikuta hata serikali ya kumjengea shule.

Wengine husema sikio la mzawa wa lugha latosha. Wataalamu wa isimu waliokaa pamoja na kutoa mwongozo Juni 2004 walilikataa jambo hilo wazi: kuzungumza lugha si sawa na kujua kuichambua, na lugha huonyesha mtu alikolelewa, haionyeshi uraia wake. Nami nauliza, mzawa wa lugha ipi? Mtu wa Morogoro ni mzawa wa Kiswahili. Mpeni kanda ya bibi wa Chula muone kama ataambulia nusu.

Kisha huja kauli ya kufunga mjadala, kwamba mahakama zimekwisha kuamua. Kweli, mwaka 2010 baraza la rufaa la uhamiaji la Uingereza, katika kesi ya mwombaji aliyejieleza kuwa Mbajuni, lilizipa uzito mkubwa ripoti za kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab. Wanachosahau kutaja ni mwaka 2014. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo ilisema baraza lilivuka mipaka kwa kuweka kanuni ya jumla. Kila ripoti ipimwe kwa kesi yake, na mchambuzi asitoe maoni nje ya utaalamu wake.

Hoja moja nawapa: wapo watu wa Kenya waliojiita Wabajuni wa Somalia ili wapate hifadhi. Kupima si dhambi. Lakini mtihani wa Kibajuni uulizwe kwa Kibajuni, na mtu wa visiwani, naye anayepimwa aambiwe mapema kwamba anatakiwa aongee kama anavyoongea na mamake.

Na wewe ndugu uliyekwisha kuletewa ripoti, mwambie wakili wako adai kanda yenyewe. Tafuteni mtu wa Chula au Koyama aisikilize kabla ya siku ya rufaa.