Bahari ya Europa isichafuliwe kwa pupa

Mnamo Oktoba 14, 2024, Marekani ilirusha chombo cha angani kiitwacho Europa Clipper kuelekea Europa, mmoja kati ya miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Kinatarajiwa kuwasili mwaka wa 2030. Hakitatua, kitapita karibu, kipige picha na kupima. Hata hivyo, wapo wanaotamani chombo kingine kifuate upesi, kiyeyushe barafu na kuzama katika bahari ambayo wataalamu wanaamini imefichika chini yake. Nia hiyo ni njema. Ninachokipinga ni pupa.

Kwanza, kazi yenyewe si lelemama. Barafu hiyo inakadiriwa kuwa na unene wa kilomita 15 hadi 25. Hapa duniani, chombo cha Mjerumani Karl Philberth kilijiyeyushia njia katika barafu ya Greenland mwaka wa 1968, kikafika kina cha takriban mita 1,000.

Mwanafunzi wa fizikia na ashike kalamu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi sufuri kwahitaji kilojuli 334 za joto. Barafu ya juu ya Europa ina baridi ya nyuzi zipatazo 160 chini ya sufuri. Kuipasha tu hadi sufuri kwahitaji kilojuli nyingine kama 250. Jua huko ni hafifu, ndiyo maana wahandisi hupendekeza plutoniamu, madini yatoayo joto yenyewe kwa miaka mingi. Isitoshe, kwa kuwa hakuna hewa, barafu ya juu hugeuka mvuke bila kuwa maji. Chumvi na vumbi navyo hurundikana chini ya pua ya chombo, huku njia ya nyuma ikiganda tena na kuufumbata waya wa mawasiliano.

Matatizo hayo yaweza kutatuliwa. Lisilo na tiba ni uchafu. Mwaka wa 2012, Warusi walilifikia Ziwa Vostok huko Antaktika baada ya kutoboa barafu ya karibu mita 3,770. Shimo lao lilijazwa mafuta ya taa ili lisizibe. Matokeo yake, vijidudu vilivyopatikana vilizua ubishi: vilitoka ziwani au vilitoka katika mafuta? Ikiwa hapa nyumbani tulikosa jibu safi, huko Europa tutawezaje kumtofautisha mwenyeji na mgeni tuliyempeleka wenyewe?

Huenda msomaji akasema kwamba vyombo husafishwa kabla ya kurushwa. Naam, lakini ni nani athibitishaye kuwa hakuna kijidudu hata kimoja kilichosalia? Ni kwa hofu hiyo chombo Galileo kilielekezwa kuteketea ndani ya Mshtarii mwaka wa 2003, kisije kikaiangukia Europa. Na mkataba wa anga za juu wa 1967, ambao Kenya nayo imeukubali, waagiza mataifa yaepuke uchafuzi wenye madhara. Kwa hiyo jambo hili latuhusu hata sisi tusiorusha vyombo.

Ni maoni yangu kwamba usafi uwe sharti la kwanza, kabla ya kasi na kina. Chombo kisichoweza kuingia ziwa la Antaktika bila kuacha alama yake kisipelekwe Europa. Walimu wawafunze vijana hesabu ya joto, na papo hapo wawaulize swali hili la dhamana. Bahari hiyo imengoja muda mrefu. Yaweza kungoja zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki.