Vipimo Safi, Mtu Mgonjwa

Katika zahanati zetu za pwani, ukipimwa malaria, taifodi na wingi wa damu na majibu yakatoka safi, unaambiwa ukapumzike. Ukirudi mara ya tatu na uchovu uleule, unaulizwa kama una mawazo. Mtaani wameshakuita mvivu, na jamaa wanasema una jini.

Wifi yangu analima mwani Mlingotini, hapa Bagamoyo. Tangu augue homa kali ya viungo, anaweza kuingia majini wakati wa bamvua, akafunga kamba zake, akarudi kupika. Kesho yake utadhani mzima. Keshokutwa hainuki: mwanga unamuumiza, maneno yanampotea, na alale atakavyolala anaamka vilevile.

Kuanguka huku baada ya kazi ndiko kunakoutambulisha ugonjwa wa uchovu sugu. Jopo la wataalamu wa Marekani lilikufanya kuwa sharti mwaka 2015, pamoja na uchovu wa miezi 6 na usingizi usioburudisha.

Ushahidi umetafutwa hadi ndani ya ubongo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwapiga wagonjwa 9 picha kwa mashine ya PET, wakawalinganisha na watu 10 wenye afya. Dawa ya mionzi waliyodungwa hunasa kwenye seli za ulinzi za ubongo zilizoamka kama zinazopigana na kitu. Kwa wagonjwa ilinasa zaidi. Baadaye watafiti wa Uholanzi walitumia dawa ileile, wasione tofauti. Mjadala bado mbichi, na picha haitafika Mlingotini karibuni: dawa hiyo ina kaboni-11, ambayo hupungua nusu kila dakika 20. Hata ikitengenezwa Dar es Salaam, kwa safari ya zaidi ya saa moja hadi Bagamoyo isingebaki hata moja ya nane.

Basi tusiifanye picha kuwa sharti la kumwamini mgonjwa. Na tuache kumwambia ajikaze afanye mazoezi. Uingereza iliacha mwaka 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa.

Bagamoyo tuna uwezo wa kuchunguza wenyewe. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa, na watoto wetu waliingia kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S mwaka 2009. Na homa zinazoweza kuacha uchovu kama huu si ngeni kwetu: chikungunya, homa ya kuumiza viungo, ilijulikana kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa nchi hii. Dengue ilitupiga 2014 na 2019, kisha ikaja Covid-19. Naomba waliougua homa hizi wafuatiliwe kwa miezi sita, nyumbani kwao, si hadi homa ishuke tu.

Tabibu wa zahanati hahitaji mashine kuanza. Amuulize mgonjwa: "Dada, ukifanya kazi leo, keshokutwa unaamkaje?" Jibu aliandike kwenye daftari la mgonjwa, hata kama vipimo vyote ni safi.