Usugu wa dawa: Sheria ipo, lakini wewe uko kwa kemisti na mia mbili

Koo linakuuma tangu juzi, homa inapanda, na mfukoni una shilingi mia mbili. Hospitalini kuna foleni, kuna pesa ya daktari, kuna pesa ya maabara. Kemisti naye yuko hapo tu karibu na steji. Wewe ungeenda wapi?

Kisheria, hafai kukuuzia antibiotiki bila karatasi ya daktari. Lakini unajua vile huwa: unaeleza dalili, anakukatia vidonge vya siku mbili kwa sababu pesa zako zimefika hapo. Mara nyingi koo kama hilo limeletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviwezi hata kidogo. Na kama ni bakteria, wale sugu ndio wanaobaki na kuzaana.

Serikali haijalala. Mwaka wa 2017 ilizindua sera ya kitaifa kuhusu usugu huu pamoja na mpango wa miaka mitano. Mpango wa pili ni wa 2023 hadi 2027, na unagusa hata mifugo, maana kuku na ng'ombe pia hupewa dawa hizi. Septemba 2024, katika Umoja wa Mataifa, nchi ziliahidi kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na bakteria sugu kufikia 2030. Mwaka wa 2019 vifo hivyo vilikuwa milioni 4.95 duniani.

Shida yangu ni hii: tukisikia utekelezaji, tunaona maafisa wakifunga maduka ya dawa. Sawa, matapeli wafungiwe. Lakini ukifunga kemisti bila kumpa mgonjwa pengine pa kwenda, atavuka barabara tu anunue kwingine.

Chini ya SHA, huduma za msingi katika zahanati zinafaa kuwa za bure. Haya, nenda ukakute hakuna dawa wala vifaa vya kupima, uandikiwe ukanunue nje. Si umerudi kwa yule yule kemisti? Na kujua ni dawa gani hasa itaua bakteria wako kunahitaji maabara ya kuwaotesha, kazi ya siku mbili au tatu.

Afya iko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo kaunti yako ikiita wananchi kujadili bajeti, usiulize barabara pekee. Uliza pesa za maabara ni ngapi, na ziko zahanati gani.