Kabla hujamcheka aliyekubali kisu

Ukiona picha za dada aliyepungua ghafla, vidole vinakuwasha kuandika, "Huyo amepita njia ya mkato." Hebu tulia kidogo.

Binamu yangu alizaliwa Gotu, kaunti ya Isiolo, akaja Nairobi kutafuta kazi. Kwetu unene si aibu. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, na mwanamke aliyejaa mwili watu humsoma kwamba kwake maziwa yapo. Mwembamba ndiye huulizwa anaumwa nini. Kwa hivyo alipoamua kupunguzwa tumbo, hakuwa anafukuza urembo wa mitandaoni, bana. Magoti yaligoma kupanda ngazi za ploti, sukari ikapanda yenyewe, na kila kilo aliyopoteza kwa kujinyima ilirudi na wenzake.

Aliwaza miaka miwili, na sishangai. Watu huchanganya jambo hili na kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta hurekebisha umbo tu, hakutibu unene. Huu upasuaji mwenyewe, ule unaofanywa sana, huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo na kubakisha mrija kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Vitamini utameza maisha yako yote, na mimba hushauriwa ingoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hapo ndipo alipolia, maana nyumbani swali la kwanza huwa, "Mtoto lini?"

Nawe ukiwa unapanga, uliza leseni kabla ya bei. Mwishoni mwa 2024 baraza la madaktari, KMPDC, lilisimamisha kliniki moja ya Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia kunyonywa mafuta. Mimi niliacha chuo, si daktari, lakini kuitisha leseni hata mimi naweza.

Kinachoninyima usingizi ni siri. Alifanyiwa Agosti, nyumbani hawajui. Desemba anaenda Gotu. Atawekewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na sinia ya nyama. Kukataa ni tusi, kumaliza ni kutapika. Alipanga kudanganya ati ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia nyanya yetu ameuguza watu wengi kuliko sisi, hadanganyiki kirahisi.

Ameniruhusu niandike, bila jina, kwa sharti moja: mimi ndiye nianze kumwambia nyanya. Ukisoma haya, nishampigia simu.