Bastola ya Texas, gobore la Manyoni

Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 pale Texas anaweza kuchomeka bastola kiunoni na kwenda zake sokoni bila kibali, mradi sheria haimzuii kumiliki silaha. Akiingia nayo New Jersey, nchi ileile, huenda akalala mahabusu. Kwetu hatuna sheria ya Dodoma na nyingine ya Singida. Ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na mwindaji wa Manyoni mwenye gobore la kurithi hana pa kukwepea. Mwaka 2022 na 2023 serikali ilitoa hata muda wa msamaha, watu wasalimishe silaha haramu bila kushtakiwa. Ukali huo naupenda, sifichi. Lakini unambana nani? Tarehe 7 Septemba 2017, mchana kweupe, hapahapa Dodoma, mbunge Tundu Lissu alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Area D akitoka bungeni. Mwenye gobore hukamatwa. Kwa shambulio lile, hakuna aliyefikishwa mahakamani.